Tutamalizia Jioni

Kila matokeo ya darasa la saba yalipotoka mabaya, kikao kilichofuata kiliisha kwa azimio lile lile: tuongeze muda wa masomo. Nimefundisha shule za msingi mkoani Lindi tangu mwaka 1990 hadi nilipostaafu mwaka 2024, na sikumbuki kikao kilichotoka na dawa nyingine. Mratibu elimu kata atazungumza, mwalimu mkuu ataitikia, wajumbe wa kamati ya shule watanyoosha mikono, na mzazi mmoja aliyekaa nyuma atauliza kama kuna mchango. Mchango ulikuwepo kila mara.

Jambo lenyewe hujadiliwa kama hesabu ya dukani. Mtoto amekaa darasani saa tano amefeli, basi akikaa saa nane atafaulu. Nimezikaa hizo saa tano, nikazikaa na hizo nane, nikiwa na chaki mkononi.

Mimi mwenyewe nilisoma siku fupi kuliko watoto wengi wa leo. Niliingia darasa la kwanza mwaka 1977, mwaka ambao Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe ameandikishwa. Tuliandikishwa kweli. Vyumba havikutosha, madawati hayakutosha, walimu ndio kabisa, ikabidi tusome kwa zamu: kundi moja asubuhi, jingine mchana, chumba kile kile na mwalimu yule yule. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba juzi juzi tu, mmoja wa wale tuliowaita walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, anajifunza ualimu huku anafundisha. Zamu yetu ikiisha ilikuwa imeisha, maana wenzetu wa mchana walishajipanga nje wakichungulia dirishani. Kwa hiyo hakuwa na dakika ya kuchezea. Kitabu kimoja kilipita mikononi mwa watoto wanne, kila mtoto akasoma sentensi yake kwa sauti, na aliyekwama alisubiriwa na darasa zima mpaka aitoe. Hukutoka mle ndani bila kufungua mdomo. Baada ya hapo jembe begani, shamba la shule, kwa kuwa hizo zilikuwa siku za Elimu ya Kujitegemea.

Sisemi kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Kiboko kilikuwa nje nje, na ninao wenzangu wa rika lile waliomaliza darasa la saba ambao mpaka leo wakipata barua wanatafuta wa kuwasomea. Nilichobaki nacho kutoka zamu ile ni kumbukumbu ya mwalimu aliyejua kwamba muda wake una mwisho. Nilipokuja kuwa mwalimu mwenyewe, hicho ndicho kilichokosekana.

Nilihitimu Daraja la Tatu A katika chuo cha ualimu Mtwara, nikapangiwa shule ya kijijini iliyokuwa na madarasa yote saba, miembe mikubwa uwanjani na rimu ya lori iliyotundikwa kwenye tawi badala ya kengele. Ratiba iliyobandikwa ofisini ilikuwa safi sana: vipindi vya dakika 40, kimoja baada ya kingine, hadi saa nane mchana, kila somo na jina la mwalimu wake. Mkaguzi akija alikuwa anaisoma na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Sasa nikueleze siku ya kawaida ilivyokwenda chini ya ratiba hiyo.

Watoto wanafika saa kumi na mbili na nusu kuwahi namba, maana kila mmoja ana eneo lake la kufagia na mwalimu wa zamu anapita akikagua. Wengine wameshika fagio, wengine madumu ya maji kutoka nyumbani. Mchakamchaka, kisha mstarini: wimbo wa taifa, kukagua kucha na nywele, matangazo. Wachelewaji wanatengwa upande, na adhabu yao inakula kipindi cha kwanza, chao na cha mwalimu anayewaadhibu. Kipindi cha pili kinaanza vizuri darasa la saba na la nne, madarasa ya mtihani. Darasa la tano mwalimu wao wa Hisabati yuko Lindi mjini tangu jana anafuatilia malimbikizo ya mshahara wake, na kwa nauli ile hawezi kurudi kabla ya kesho. Darasa la sita kiranja ameshika chaki, ananakili ubaoni kutoka kitabu cha mwalimu, na wenzake wananakili kutoka kwake, pamoja na makosa yake ya herufi. Darasa la tatu wanasubiri. Watoto wa darasa la tatu wana kipaji cha kusubiri: wanaanza kimya, wanaingia kwenye minong'ono, wanafika kwenye kelele, kiranja anaandika majina ya wapiga kelele, wanarudi kwenye kimya. Mwalimu mkuu ameitwa halmashauri. Walimu wawili wako chini ya mwembe wanasahihisha madaftari, kazi halali kabisa, ila madaftari yale ni ya watoto ambao dakika hiyo hiyo wako darasani peke yao.

Walimu wale hawakuwa wavivu, nisieleweke hivyo. Mmoja alikuwa anabeba masomo matatu katika madarasa manne. Mwingine alikesha akiandika maandalio ya somo kwa taa ya chemli kwa sababu mkaguzi angeomba kuyaona, na mkaguzi hakuomba kumwona akifundisha. Kila kazi iliyokosa mwenyewe kijijini ilimwangukia mwalimu, kuanzia kuandikisha wapiga kura, kuhesabu watu, kuandika muhtasari wa kikao cha mtendaji, hadi kumpeleka mtoto aliyezimia zahanati. Nasema tu kwamba asubuhi ilikuwa inavuja.

Baadaye nilikuja kusoma utafiti wa Benki ya Dunia uliofanyika nchini mwaka 2010, uliopima huduma zinazowafikia wananchi shuleni na kwenye zahanati. Ulikuta kwamba mwanafunzi wa shule ya msingi anafundishwa kwa wastani saa 2 na dakika 4 kwa siku, wakati ratiba inampa zaidi ya saa 5. Wenzangu wengi walikasirika, wakaona tumetukanwa na watu wa mjini wenye kompyuta. Mimi nilikumbuka darasa la tatu wakisubiri, nikaona takwimu ile imefika shuleni kwetu kabla yangu.

Hapo ndipo masomo ya ziada yanapoingia.

Tulianza na darasa la saba peke yao, saa tisa hadi saa kumi na moja. Nia ilikuwa njema na mwezi wa kwanza ulikuwa mzuri. Walimu walikuja, watoto walikuja, hata wazazi walipita njiani wakisimama kutazama shule yenye watu jioni. Kisha nikaanza kusikia sentensi moja ofisini. Mwalimu anatoka darasani kabla ya kipindi kuisha, anaweka chaki mezani, anamimina uji wake, anasema: "Hii tutamalizia jioni." Mara ya kwanza ilikuwa kweli, mada ilikuwa ndefu. Baada ya miezi michache ikawa ndiyo utaratibu. Kugawanya sehemu, jioni. Kuchambua sentensi za Kiingereza, jioni. Asubuhi ikabaki ya kuandika kichwa cha somo na tarehe.

Na jioni ilikuwa na bei. Shilingi mia mbili kwa mtoto kwa siku, zikikusanywa na kiranja kwenye kopo la maziwa ya unga. Wazazi wakaanza kunong'ona kwamba walimu wanaficha somo mchana ili waliuze jioni, na ofisini tuliwacheka. Lakini lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hakuna aliyekaa akapanga kuficha somo. Mshahara ulikuwa mdogo, ulichelewa, na ile mia mbili ilikuja kila siku mkononi. Mtu akiwa na saa mbili za kulipwa papo hapo na saa tano za kulipwa mwisho wa mwezi kama Mungu akipenda, nguvu zake zitakwenda wapi? Nguvu zilikwenda jioni zenyewe, bila kuamriwa.

Aliyeumia ni mtoto asiye na mia mbili. Huyo alikwenda nyumbani saa nane kama zamani, na asubuhi akakuta darasa limeshahama. Mwalimu anauliza, "Jana tuliishia wapi?" na nusu ya darasa inajibu kwa sauti moja kutaja mahali ambapo yeye hakuwepo. Nilikuwa na mtoto mmoja wa darasa la saba, msichana wa bibi yake, aliyekuwa wa tatu darasani hadi Machi. Mwezi wa Juni alikuwa wa kumi na kitu. Bibi yake alikuja kuniuliza kama mjukuu wake amerogwa. Nikamwambia, "Hapana bibi, hana mia mbili." Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa tusi. Shule ilikuwa imetangazwa bure tangu 2002, naye aliijua tarehe hiyo kuliko mimi.

Mambo yalizidi kukazwa baada ya Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Nchi nzima ilitikisika, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na mwaka huo huo ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Shule zikaanza kupangwa kwa rangi, kijani, njano na nyekundu, kulingana na mtihani. Sisi wa shule za msingi hatukuwa na mkono kwenye kidato cha nne, lakini rangi zilitufikia vile vile. Shule yenye rangi nyekundu ilikuwa na mwalimu mkuu asiyelala, na mwalimu mkuu asiyelala hamwachi mtu alale. Masomo ya ziada yakashuka kutoka darasa la saba hadi la sita, hadi la nne kwa ajili ya upimaji wao. Jumamosi ikaingia. Likizo ya Juni ikaingia.

Tukifundisha nini katika saa zote hizo? Tangu 2012 watoto wa darasa la saba walikuwa wakijibu mtihani kwa kuweka kivuli kwenye fomu za OMR, zinazosahihishwa na mashine, maswali yote ya kuchagua, hata Hisabati. Basi jioni ilikuwa ya mitihani ya nyuma. Karatasi ya mwaka fulani, swali la kwanza hadi la mwisho, majibu ubaoni, karatasi nyingine. Watoto wakajifunza ufundi wa ajabu. Wapo walioweza kukuambia kwamba jibu refu kuliko yote mara nyingi ndilo lenyewe, na kwamba ukikosa kabisa uchague C. Mmoja nilimwuliza amepataje jibu la swali la eneo la pembetatu. Akanijibu kwa heshima zote, "Mwalimu, hili lilikuwepo mtihani wa wilaya wa pili, jibu ni B." Eneo la pembetatu lenyewe hakulijua, na sikuona karatasi ya kumi na moja ingemfundisha nini ambacho ile ya kumi haikumfundisha.

Halafu kuna tumbo. Kikao cha kuongeza muda hulizungumzia tumbo mwisho, kwenye mengineyo, watu wakiwa wameshachoka na wanataka kusaini posho. Mtoto wa kwetu anatoka nyumbani alfajiri, pengine amekula kiporo cha muhogo, pengine hakula. Shule iliyokuwa na uji wa saa nne ilikuwa na bahati. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni, wazazi wengi walielewa kwamba hata debe la mahindi la uji limekatazwa, na uji ukakauka katika shule niliyokuwa. Masomo ya jioni hayakukauka. Nenda darasa la nne saa tisa na nusu, mwezi wa Oktoba, uone. Nje ni msimu wa mabibo, njia zote zinanukia. Watoto wameokota walichoweza njiani na wakati wa mapumziko, wamekula wakashiba kwa namna ile ya kushiba maji matamu, na mashati meupe yana madoa ya kahawia kifuani ambayo sabuni haitayatoa mpaka shati lichanike. Bati limechemka. Mbao za dawati zina joto. Wa nyuma wamelaza vichwa juu ya mikono, macho wazi, hawasinzii wala hawapo. Ukiuliza swali, mkono wa mtu mmoja unapanda, ni yule yule wa asubuhi, na ni wa mtoto wa mwenye duka.

Nilifundisha hapo. Nilifundisha kwa bidii na naweza kusema kwa uhakika kwamba dakika kumi za saa mbili asubuhi zilinipa zaidi ya saa nzima ya wakati ule.

Mahali tulipo, mtoto ana shule mbili. Akitoka kwetu anakwenda chuoni kwa maalim kusoma Kurani, anakaa hadi karibu na magharibi. Mwaka mmoja maalim wa kijiji, mzee niliyemheshimu sana, alikuja shuleni mwenyewe, kofia kichwani, mwavuli mkononi ingawa hakukuwa na mvua. Nilimtolea kiti chini ya mwembe.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwalimu. Sikuja kugombana."

"Karibu sana."

"Watoto wangu wanafika kwangu wamekufa. Wanashika juzuu, wanalala. Mimi nikiwachapa, ninawachapa kwa uchovu wa kwako. Tunagawana watoto hawa hawa, mwalimu, na wewe umechukua fungu la mama, la baba na la maalim."

Nilimpeleka kwa mwalimu mkuu, ambaye ni mtu wa bara, Mkristo, na msikivu. Wakakubaliana jambo jepesi ambalo kikao kisingelifikia: chuo hakisomeshi Alhamisi, basi masomo ya ziada yawe Alhamisi peke yake. Siku tano za jioni zikawa moja. Mratibu hakufurahi. Walimu waliokuwa wakitegemea kopo la maziwa hawakufurahi zaidi. Ila kwa kuwa jioni ilibaki moja tu, ile sentensi ya "tutamalizia jioni" ilipungua yenyewe ofisini, maana jioni ya Alhamisi isingeweza kubeba mizigo ya wiki nzima. Matokeo ya mwaka ule hayakupanda. Hayakushuka pia. Siku nne za jioni ziliondolewa na mtihani haukutambua.

Ningeishia hapa ningekuwa nimependelea upande mmoja, kwa sababu kuna watoto ambao siku ndefu iliwafaa, na niliwaona.

Ni wasichana. Mvulana akitoka shuleni saa nane anakwenda kucheza mpira. Msichana anakwenda kisimani, akirudi anapewa mdogo wake mgongoni, akimshusha anapewa kinu. Daftari analiona tena asubuhi. Tulipoanzisha kambi, yaani darasa la saba kulala shuleni wiki kadhaa kabla ya mtihani wa Septemba, na unga na mikeka yao, nilipewa kuwasimamia wasichana. Sikuipenda kambi. Vyoo havikutosha, milango haikuwa na komeo, na usiku nililala na panga chini ya mkeka. Lakini wasichana wale walikuwa wanacheka kwa namna ambayo sikuwahi kuwasikia wakicheka mchana. Kwa mara ya kwanza maishani walikuwa na jioni isiyo na mtu wa kuwatuma. Walijisomea wenyewe chini ya taa ya sola, wanafundishana, mmoja anamfinya mwenzake akikosea. Hakuna mwalimu aliyewafundisha saa hizo. Walichopata ni taa, meza, na ruhusa ya kukaa.

Nilipokuwa nasoma shahada yangu ya Chuo Kikuu Huria nikiwa kazini, nilikutana na habari za Chile. Wao walirefusha siku ya shule kwa sera ya taifa kuanzia mwaka 1997, na serikali yao ilitoa fedha za kujenga madarasa ili jambo hilo liwezekane. Waliofuatilia walikuta alama zimepanda kidogo tu. Walichokuta kingine ni kwamba mimba za wasichana wadogo zilipungua, na vijana wanaoingia kwenye uhalifu wakapungua pia. Nilipigia mstari sehemu hiyo. Hapa kwetu, ambako mpaka Novemba 2021 msichana aliyepata mimba hakuwa na njia ya kurudi shule ya kawaida, mahali salama pa kukaa saa kumi jioni si jambo dogo.

Tatizo ni kwamba salama yenyewe inategemea njia ya kurudi. Shule nyingi za vijijini zina watoto wa vitongoji vya mbali, mwendo wa saa nzima na ushei kupita mashamba na mabonde. Juni jua linazama mapema. Mtoto anayeachiwa saa kumi na moja na nusu anafika kwao gizani, na waliokuwepo mkoani Lindi mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakumbuka simba walivyokuwa wakila watu, sisi na wenzetu wa Rufiji. Miaka ile wazazi walikuja kuwapokea watoto kwa makundi, wakiwa na mikuki na madebe ya kugonga. Simba walipopungua, hofu ya wazazi wa wasichana haikupungua, ilibadilisha tu jina la anayevizia. Sijawahi kuona muhtasari wa kikao cha masomo ya ziada ulioandika mtoto wa kitongoji cha mwisho anafika nyumbani saa ngapi.

Kati ya mageuzi yote niliyoyapitia, lililonigusa zaidi lilikwenda kinyume kabisa na kuongeza. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa, masomo yakapunguzwa, na sehemu kubwa ya muda ikapewa kusoma, kuandika na kuhesabu. Kengele ya kutoka haikuguswa. Nilikuwa na darasa la pili miaka hiyo. Mara ya kwanza tangu niajiriwe nilikuwa na nafasi ya kumsubiri mtoto aliyekwama mpaka aitoe sentensi, kama nilivyosubiriwa mimi mwaka 1977. Watoto wangu walifika darasa la tatu wengi wao wanasoma. Niliwakabidhi kwa mwalimu mwingine na wote wakaanza masomo mengi kwa pamoja, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Jirani zetu Kenya wamejaribu kulifunga suala hili kwa sheria. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya likizo, kwa adhabu ya faini au kifungo au vyote viwili, na kanuni za mwaka 2015 zinaweka vipindi vya darasani kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Hata hivyo ukipita miji yao alfajiri utakutana na watoto wenye mabegi barabarani kabla jua halijatoka. Sheria peke yake haimwondolei mzazi woga wa mtihani. Mzazi akiogopa, atalipa, na akilipa, atapatikana wa kufundisha.

Msimamo wangu baada ya miaka yote hiyo ni huu. Kwa darasa la nne kushuka chini, siku ndefu ni dhuluma, na sitaki kulipamba neno hilo. Kwa darasa la saba, shule ibaki wazi jioni kwa anayetaka, iwe na taa na vitabu, iwe na mtu mzima wa kuwaangalia, iwe na chakula, na isiwe na kopo la kukusanyia pesa. Somo jipya lisifundishwe jioni hata siku moja. Mada isiyokwisha asubuhi ianzie hapo kesho asubuhi, mbele ya watoto wote, wenye mia mbili na wasio nayo.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, barua ikija nyumbani mkononi mwa mtoto ikisema ajenda ya kikao ni kuongeza muda wa masomo, usiikubali wala usiikatae kwanza. Chagua Jumanne au Jumatano, siku isiyo na ugeni wala sherehe, ufike shuleni saa nne na nusu asubuhi bila kutoa taarifa. Salimia ofisini, kisha pita mbele ya madarasa yote ukihesabu yenye mwalimu ndani. Nenda kwenye kikao na hesabu hiyo, na uisome kabla mikono haijanyooshwa.